Mgeni wa siku ya tatu: Dini za Mombasa na jembe la mkimbizi

Mtaa wa Ganjoni, kusini-magharibi mwa Kisiwa cha Mombasa, una jina la kutafakarisha. Ganjo katika Kiswahili ni mahame, mahali palipokaliwa na watu kisha wakapaacha. Leo mtaa huo hauna dalili yoyote ya uhame. Umesongamana majumba ya ghorofa, maduka na ofisi, na si safari ndefu kutoka hapo hadi Kanisa Kuu la Roho Mtakatifu katika Barabara ya Nkrumah, mahekalu ya Wahindi na Wajaini, na misikiti mikongwe ya Mji wa Kale.

Ni nadra kupata sehemu nyingine ya Kenya ambamo dini nyingi kiasi hicho zinapakana ukuta kwa ukuta. Taasisi hizo sasa zinakabiliwa na swali ambalo kwa zaidi ya miaka thelathini liliweza kuahirishwa. Je, zinaweza kuungana na kumdhamini mkimbizi hapa hapa nchini, badala ya kumlisha tu huku akingoja kudhaminiwa na makanisa ya ng'ambo?

Swali hilo limekuwa zito kwa sababu mlango wa ng'ambo umesukumwa hadi ukakaribia kufungika. Mnamo 20 Januari 2025, siku aliyoapishwa kwa muhula wake wa pili, Rais Donald Trump wa Marekani alisimamisha mpango wa nchi yake wa kuwapokea wakimbizi. Miezi michache baadaye Washington ilitangaza kwamba katika mwaka wa fedha wa 2026 ingepokea watu 7,500 pekee, ilhali kiwango kilichowekwa katika miaka iliyotangulia kilikuwa 125,000.

Waliokwenda mahakamani kupinga hatua hiyo hawakuwa wanasiasa. Walikuwa watu wa dini. Shirika la Kiyahudi la HIAS, shirika la Church World Service la makanisa ya Kiprotestanti na shirika moja la Kilutheri la kaskazini-magharibi mwa Marekani waliungana katika kesi iliyofunguliwa mjini Seattle mnamo Februari 2025. Jaji aliwapa amri ya muda, lakini mahakama ya rufaa ikapunguza upana wake. Aprili mwaka huo, maaskofu Wakatoliki wa Marekani walitangaza kusitisha ushirikiano wao na serikali katika kazi hiyo, ushirikiano uliokuwa umedumu kwa miongo kadhaa.

Canada nayo, iliyokuwa kimbilio la pili kwa walionyimwa nafasi Marekani, ilisitisha mwishoni mwa 2024 kupokea maombi mapya kutoka kwa makundi ya wananchi watano watano na mashirika ya mitaani yanayotaka kudhamini wakimbizi. Sababu iliyotolewa ni kwamba maombi yalikuwa yamerundikana kupita uwezo wa ofisi kuyashughulikia.

Habari hizo zinaweza kuonekana kuwa za mbali kwa mkazi wa Mombasa. Ukweli ni kwamba mji huu ni miongoni mwa miji ya Afrika Mashariki iliyonufaika mapema na udhamini wa aina hiyo.

Dola ya Somalia iliposambaratika mwaka 1991, maelfu ya watu walifika pwani ya Kenya kwa majahazi na mashua. Wengi wao walikuwa Wabenadiri kutoka Mogadishu, Wabarawa kutoka Barawa, na Wabajuni kutoka Kismayu na visiwa vya jirani. Hawakuwa wageni kamili. Chimwini cha Barawa na Kitikuu cha Wabajuni ni lahaja za Kiswahili, na koo kadhaa zilikuwa na ndugu zao Lamu, Malindi na Mji wa Kale. Kambi zilifunguliwa Utange, Hatimy, Swaleh Nguru, Jomvu na kwingineko karibu na mji.

Kambi hizo hazikudumu. Kufikia mwisho wa muongo huo serikali ilikuwa imezifunga zote, na wakazi wake wakatakiwa kuhamia Kakuma au Dadaab, au kurudi Somalia. Wabajuni wengi walichagua kurudi kwenye visiwa vyao ingawa amani ilikuwa haijarejea.

Wapo waliopata njia nyingine. Katikati ya miaka ya 1990 Marekani ilikubali kupokea sehemu ya Wabenadiri na Wabarawa waliokuwa Mombasa. Tangu 1990, majalada ya wakimbizi wa eneo hili waliopelekwa Marekani yalikuwa yakiandaliwa na ofisi ya Church World Service jijini Nairobi. Huko Marekani, mashirika mengi ya kuwapokea wakimbizi yalikuwa ya dini: ya Wakatoliki, ya Walutheri, ya Waanglikana na ya Wayahudi. Hivyo Mwislamu aliyezaliwa Barawa na kukimbilia Mombasa aliandikiwa jalada na Waprotestanti, kisha akapokelewa uwanja wa ndege na Mkatoliki au Myahudi.

Mfano wa Wabantu wa Somalia unalifafanua jambo hilo zaidi. Hao ni wajukuu wa watu waliochukuliwa utumwani kutoka Afrika Mashariki katika karne ya 19, wakiwamo Wazigua. Marekani ilikubali mwaka 1999 kuwapokea kama kundi, na kuanzia 2003 zaidi ya 12,000 walisafirishwa kutoka Kakuma. Wenzao waliokimbilia Tanzania walipewa makazi Chogo, wilayani Handeni, katika ardhi ile ile ambayo mababu zao walitolewa. Kundi moja la watu, hivyo, lilipata majibu mawili. Kuna waliodhaminiwa na watu wa imani nyingine katika bara jingine, na kuna waliopewa shamba na jirani.

Udhamini wenyewe unafanyaje kazi? Canada ndiyo nchi iliyouandika kisheria mapema zaidi. Mwaka 1979, Wamenno wa Canada walitia saini mkataba wa kwanza na serikali yao. Kanisa au kundi la wananchi huahidi kumgharimia mkimbizi nyumba, chakula na mahitaji ya kuanzia maisha kwa muda wa miezi 12, na pia kumwelekeza katika shule, hospitali na kazi. Serikali kwa upande wake hutoa viza, ukaazi na huduma za umma.

Katika miaka ya 1979 na 1980 Canada ilipokea watu 60,000 kutoka Vietnam, Kambodia na Laos, zaidi ya nusu yao wakiwa mikononi mwa wadhamini binafsi. Umoja wa Mataifa uliwatunuku wananchi wote wa Canada Nishani ya Nansen mwaka 1986 kwa sababu hiyo. Tangu mpango uanze, zaidi ya wakimbizi 300,000 wamepita katika mlango huo. Sehemu kubwa ya wadhamini wenye mikataba ya kudumu ni makanisa, ingawa misikiti na masinagogi nayo yamo.

Italia ilifuata njia yake. Desemba 2015, jumuiya ya Kikatoliki ya Sant'Egidio na makanisa ya Kiprotestanti, wakiwamo Wawaldensia, walitia saini itifaki na serikali ya Roma. Makubaliano hayo yalifungua kile kinachoitwa njia za kibinadamu. Wakimbizi wa Syria waliokuwa Lebanon, wengi wao Waislamu, walianza kuwasili kwa ndege mwaka 2016 bila kupanda mashua za hatari za Mediterania. Januari 2017 njia ya pili ilifunguliwa kutoka Ethiopia, kwa Waeritrea, Wasomali na Wasudan Kusini. Gharama zilibebwa na makanisa yenyewe.

Funzo la mifano hiyo miwili haliko katika wingi wa fedha. Liko katika saini. Wamenno na Wawaldensia ni madhehebu madogo. Walichopata ni hati ya serikali iliyoipa ahadi yao uzito wa kisheria. Bila hati hiyo, ukarimu wao ungebaki kuwa sadaka.

Hapo ndipo Kenya inapopungukiwa. Nchi hii inahifadhi zaidi ya wakimbizi 800,000, wengi wao wakiwa Dadaab na Kakuma. Mashirika ya dini yamekuwa katika kambi hizo tangu mwanzo wa miaka ya 1990. Shirikisho la Walutheri Duniani limo Kakuma tangu 1992. Baraza la Kitaifa la Makanisa Kenya, NCCK, limejenga nyumba na kutoa huduma za afya. Wajesuti wanashughulikia elimu na ushauri nasaha, na Islamic Relief imefanya kazi Dadaab. Hakuna anayeweza kudai kuwa dini zimelala.

Hata hivyo, huduma zote hizo zimetolewa ndani ya ua. Kwa miaka mingi mkimbizi aliyetaka kutoka kambini alihitaji kibali maalumu, na aliyekutwa mjini bila kibali alikuwa hatarini kukamatwa. Kanisa liliruhusiwa kumpa mkimbizi unga, blanketi na daftari. Halikuwa na uwezo wa kusimama mbele ya ofisa wa serikali na kusema: huyu ni wetu, anakaa kwetu, tutawajibika kwake.

Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii mara nyingi hutumiwa kumkejeli mgeni asiyeondoka. Kwa mkimbizi wa Kenya imegeuka. Yeye ndiye amekuwa akiomba jembe, na mwenyeji ndiye amekuwa akimrudishia sahani. Sahani yenyewe sasa inapungua. Mwaka 2025, kutokana na ukosefu wa fedha za wafadhili, mgao wa chakula Kakuma ulishuka hadi chini ya theluthi moja ya kiwango kinachohitajika, na maandamano yakazuka.

Sheria imeanza kulegeza ua huo. Sheria ya Wakimbizi ya 2021, iliyoanza kutumika 2022, inatambua haki ya mkimbizi kushiriki katika uchumi na maendeleo ya nchi. Machi 2025 serikali ilizindua Mpango wa Shirika, unaokusudia kuzigeuza Kakuma na Dadaab kutoka kambi hadi makazi ya kawaida, ambamo mkimbizi na mwenyeji watatumia shule, hospitali na soko moja. Kalobeyei, iliyoanzishwa Turkana mwaka 2016, ilikuwa jaribio la fikra hiyo.

Mpango huo unatazama Turkana na Garissa. Haujasema mengi kuhusu mji kama Mombasa, wala haujaipa taasisi ya dini nafasi ya mdhamini. Hapo ndipo viongozi wa dini wa Pwani wanapoweza kuwa na la kusema.

Historia yao wenyewe inawapa hoja, lakini pia inawaonya. Mwaka 1875, wamisheni wa Church Missionary Society walianzisha Freretown, ng'ambo ya kisiwa, ili kuwapokea watumwa waliokombolewa na manowari za Uingereza. Huko Rabai, watoro waliotoroka mabwana wao walijiunga na misheni kwa wingi, na wenye watumwa wa Mombasa wakatishia vita. Mzozo ulimalizwa mwanzoni mwa 1889, baada ya kampuni ya Imperial British East Africa kuwalipa mabwana fidia ya watoro wapatao 1,400, ambao walipewa hati za uhuru.

Tukio hilo linaweza kusomwa kwa namna mbili. Kwa upande mmoja, hifadhi ilipata nguvu pale tu ilipotolewa hati. Kwa upande mwingine, aliyelipwa ni bwana, si mtumwa, na wengi wa waliohifadhiwa walitoka humo wakiwa na majina mapya na dini mpya. Kumbukumbu hiyo haijafutika miongoni mwa Waislamu wa Pwani. Msaada wa kanisa bado huulizwa kimyakimya: bei yake ni ipi?

Historia ya karibuni ina majeraha yake. Agosti 1997, fujo za Likoni ziliua zaidi ya watu 100 na kuwafukuza maelfu makwao. Wengi wao, watu wa kutoka bara, walikimbilia uwanja wa Kanisa Katoliki la Likoni. Wakenya walikuwa wakimbizi katika nchi yao, kivuko kimoja tu kutoka kisiwani. Kutokana na machungu ya kipindi hicho, mazungumzo kati ya dini yalipata msukumo mpya, na leo Baraza la Viongozi wa Dini la Pwani, CICC, linawakutanisha Wakatoliki, Waprotestanti, Waislamu, Wahindu na wafuasi wa dini za jadi.

Baraza hilo limepitia mitihani migumu. Agosti 2012, baada ya kuuawa kwa Sheikh Aboud Rogo, makanisa yalishambuliwa mjini. Februari 2014 polisi waliuvamia Msikiti wa Musa, Majengo. Machi 23 mwaka huo, watu wenye silaha waliwapiga risasi waumini ndani ya kanisa moja Likoni na kuua watu sita. Siku chache baadaye serikali iliamuru wakimbizi wote walioko mijini warudi kambini, na mwezi uliofuata maelfu ya Wasomali wakakusanywa katika uwanja wa Kasarani, Nairobi.

Mfuatano huo wa matukio ndio kiini cha tatizo. Risasi zilipigwa kanisani, na adhabu ikamwangukia mkimbizi. Kwa Mkristo aliyezika ndugu yake Likoni, wazo la kumdhamini Msomali Mwislamu si jambo jepesi. Kwa Mwislamu aliyeshuhudia vijana wake wakikamatwa, kusimama pamoja na kanisa mbele ya maofisa wa serikali si jambo jepesi pia.

Licha ya hayo, hoja ya usalama ina upande wa pili ambao hausemwi sana. Chombo cha usalama hakimwogopi mtu kwa sababu ni mgeni. Kinamwogopa kwa sababu hakimjui alipo wala wa kumuuliza. Mkimbizi aliyejificha katika chumba cha kupanga bila karatasi hana anwani wala shahidi. Mkimbizi mwenye mdhamini ana vyote viwili. Kundi la udhamini lililotiwa saini na padri, imamu na mzee wa mtaa linaipa serikali taarifa ambazo msako wa usiku hauwezi kuzitoa.

Pingamizi la pili linatoka kwa wenyeji. Vijana wa Kisauni, Likoni na Majengo hawana kazi. Familia nyingi hazina hatimiliki za ardhi. Kwa nini mgeni apewe mdhamini ilhali mwenyeji hana? Swali hilo ni la haki, na haliwezi kujibiwa kwa mahubiri.

Jibu moja limo katika yaliyowapata jirani wengine wa Pwani. Wamakonde wa Kwale, walioishi nchini kwa vizazi kadhaa bila uraia, walitembea kwa miguu kuelekea Nairobi mnamo Oktoba 2016 kudai vitambulisho, na mwaka uliofuata wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Wapemba wa Kilifi na Kwale walipata haki hiyo mwaka 2023. Jamii hizo hazikuja kunyang'anya mtu mkate. Zilikuwa tayari zinavua, zinachonga na kulima. Walichokosa ni karatasi, na ukosefu huo uliwafanya wafanye kazi kwa ujira mdogo na bila kinga, hali ambayo hushusha ujira wa kila mtu mtaani. Anayeumia kwa mkimbizi kufanya kazi kwa kujificha ni mwenyeji pia.

Pingamizi la tatu ni la imani yenyewe. Wanazuoni wengi wa Kiislamu hushikilia kwamba zaka ni ya Waislamu. Lakini msafiri aliyekwama ni mmoja wa makundi manane yanayostahili zaka, na sadaka ya kawaida haina mpaka wa dini. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilikwisha kuanzisha mfuko wa zaka kwa ajili ya wakimbizi, likiungwa mkono na fatwa kutoka nchi mbalimbali. Mombasa pia ni makao ya Tume ya Wakfu, na mali za wakfu ni sehemu ya maisha ya mji huu tangu zamani.

Wala hakuna dini kati ya hizi mbili iliyo ngeni katika suala la ukimbizi. Waislamu wa kwanza walikimbilia Uhabeshi na kuhifadhiwa na mfalme Mkristo, Najashi. Yesu, kwa simulizi ya Injili, alichukuliwa akiwa mtoto mchanga na kukimbiziwa Misri. Kila upande una deni la kale kwa mtu wa imani nyingine aliyefungua mlango.

Ili udhamini wa pamoja usigeuke Freretown nyingine, masharti kadhaa ni ya lazima. La kwanza, msaada usifungwe na imani. Kanuni hiyo imo katika mwongozo wa maadili wa Msalaba Mwekundu na mashirika ya misaada wa 1994, unaokataza kutumia msaada kueneza msimamo wa kisiasa au wa kidini. Njia rahisi ya kuilinda ni kuhakikisha kwamba hakuna familia inayodhaminiwa na dini moja peke yake.

La pili, idadi ianze ndogo. Canada haikuanza na 300,000. Familia chache zilizo na ndugu au kazi ya kuwangoja mjini, zilizokwisha kusajiliwa na Idara ya Huduma za Wakimbizi, zingetosha kupima mpango kwa mwaka mmoja. La tatu, kila mfuko wa udhamini utenge sehemu kwa ajili ya mwenyeji wa mtaa huo huo, iwe ni karo ya shule au mtaji wa biashara ndogo. Kalobeyei imeonyesha kwamba wivu hupungua pale kisima kinapokuwa cha wote.

La nne ndilo gumu kuliko yote. Viongozi wa dini watalazimika kuiomba serikali kitu ambacho hawajazoea kuomba. Wamezoea kuomba amani, na wamezoea kulaani vurugu baada ya kutokea. Safari hii wataomba kubebeshwa mzigo: kwamba mkimbizi akikosa kodi ya nyumba, wao ndio wadaiwe, na akivunja sheria, wao ndio waulizwe wa kwanza. Serikali inayoshuku inaweza kulikataa ombi la msaada, lakini ni vigumu zaidi kumkataa mtu anayejitolea kuwajibika.

Upo uwezekano kwamba Nairobi itakataa. Mwaka 2016 serikali ilitangaza kuifunga Dadaab, na Mahakama Kuu ikaizuia Februari 2017. Mwaka 2021 tishio lilirudi tena. Sera ya wakimbizi nchini imekuwa ikiyumba kwa kufuata milipuko ya mabomu na misimu ya uchaguzi, na Mpango wa Shirika bado haujapita katika mtihani kama huo.

Lakini kungoja nako kuna gharama. Watoto waliozaliwa Dadaab mwaka 1991 sasa ni watu wazima wenye watoto wao, na majalada yao ya kwenda Marekani yamelala katika makabati ambayo huenda yasifunguliwe kwa miaka mingi. Wabarawa waliodhaminiwa kutoka Mombasa walipata maisha mapya kwa sababu watu wasiowajua, wa dini isiyo yao, walikubali kuweka saini. Waliobaki wanasubiri kuona kama kuna kalamu ya aina hiyo kati ya Ganjoni na Mji wa Kale.